Udongo Usionuka

Jumatatu, 9 Oktoba

Wilmar, ondoa futi yako uwanjani kwangu. Hukuupanda wewe ule mlimau, hukuuchimba wewe ule mtaro, na mke uliye naye nimemzaa mimi. Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya huyo mke. Akaikunja futi taratibu, akasema alikuwa anapima tu, mama. Anapima tu! Mtu hapimi kitu asichokitaka.

Anachotaka ni zege. Uwanja wote wa nyuma, kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukuta wa Dardo, uwe sakafu ya kulaza gari lake. Kigari cheupe, sura kama friji lililoanguka. Friji lilale uwanjani, bangi zangu zikalale wapi?

Graciela binti yangu alitoa hukumu huku anaosha vyombo, wala hakugeuka. Mwaka juzi miche yangu ilikufa. Mwaka jana ikafa. Basi mwaka huu ni wa mwisho. Nimejiandikisha posta kwa miche sita, kama sheria yetu inavyotaka, halali kama kabichi, na Jumapili ya tarehe 22 hiyo sita iwe imesimama kwenye udongo wake. Ikisimama, uwanja ni wangu mpaka nizikwe. Ikilala, fundi anakuja na zege.

Nimekubali. Ningefanyaje? Sivuti mimi, asije mtu akanisingizia. Nachemsha maua pamoja na mafuta ya nguruwe, najichua vidole, nafuma masweta. Bila dawa hiyo vidole vyangu ni tangawizi. Na dawa ya kuomba kwa watu sijipaki.

Nani aliua miche miaka miwili mfululizo? Wao wanasema mbolea nyingi mno. Mimi nasema anakaa ng'ambo ya ukuta na jina lake ni Dardo. Bangi zake hazifi. Mbona zake hazifi?

Miche iko dirishani kwenye vikopo vya mtindi. Majani manne manne. Inahitaji udongo wiki hii.


Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda duka la wakulima wa bangi, lile karibu na kituo cha zamani cha treni. Anayeuza ni mwanamke aitwaye Yanina, amejichora nyoka mikononi hadi mabegani. Nikamwambia nataka udongo na chakula cha miche, vya asili, visiwe vya kiwandani. Akafurahi kana kwamba nimemposa.

Akaniletea mifuko. Mbolea ya minyoo. Mavi ya popo. Unga wa mifupa. Makumbi ya nazi yaliyosagwa. Na vijiwe vyeupe vyepesi kama bisi, eti vya kuupa udongo pumzi. Nikafungua mfuko mmoja mmoja, nikanusa. Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini pua yangu ina shahada.

Ni hivi: kisichonuka hakilishi. Jibini kali hunuka. Kitunguu saumu kinanuka. Marehemu mume wangu Ulises alinuka kila Ijumaa na alikuwa na nguvu za fahali. Ile mbolea ya minyoo inanuka nini? Inanuka mvua. Mvua ni chakula cha nani?

Yanina akaanza kunifundisha. Miche michanga haitaki kushibishwa, anasema. Udongo uwe mwepesi, maji yapite, mbolea ya minyoo kidogo tu, na chakula kikali kisubiri mpaka mche ufike magotini. Chakula kingi huunguza mizizi. Nikamwuliza amelea watoto wangapi. Hajazaa. Basi.

Kisha nikauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, Dardo Olivera hununua nini hapa. Akasema vile vijiwe vyeupe tu. Vingine vyote anavyo mwenyewe.

Vingine vyote! Vipi hivyo? Hakujua. Au alijua. Alitabasamu wakati anasema hajui. Wako pamoja hawa.

Nimetoka bila mfuko, ila mfukoni mwa aproni nina konzi moja ya kila kitu. Ya kuonja. Maduka yote huonjesha.


Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepanda juu ya ndoo na kuchungulia kwa Dardo.

Ana miche tisa. Atakuja kubakiza sita, kila mtu huotesha ya ziada kwa sababu ya madume, hayo hayana maua ya dawa, hung'olewa. Tisa, imenyooka kama wanajeshi, rangi ya kijani ya kukera. Yeye amekaa kwenye kigoda anachekecha udongo kwa chekeche ya zamani ya jikoni. Mweusi huo udongo. Mwepesi, unaanguka kama unga. Nikavuta hewa kwa nguvu zangu zote. Hakuna kitu. Hata harufu kidogo.

Udongo mweusi usionuka, na miche inastawi. Kuna kitu hapo.

Akaniona. Huyu mzee alinyoa kondoo miaka arobaini, ana macho ya kumwona kupe kwenye manyoya. Hakushtuka. Akaniambia habari za asubuhi, Bi Nibia, shuka kwenye ndoo hiyo utavunjika nyonga. Kisha akasema udongo ule ni samadi ya kondoo iliyokaa chini ya banda la kunyolea miaka kumi na tano, imeoza mpaka imesahau ilikuwa nini. Akaniambia anao mwingi, anijazie gunia?

Bure. Gunia zima, bure, mtu ambaye mwaka jana miche yake iliishi na yangu ikafa. Hakuna anayempa adui chakula kizuri. Nikamjibu uwanja wangu haupokei sadaka, nikashuka. Nyonga iko salama.

Lakini kujua lazima nijue. Saa nane, mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, nikapita langoni kwake na kopo la maziwa ya unga nikachota. Mbwa wake hakubweka. Alinifuata mpaka nyumbani na akakataa kurudi. Hata mbwa wake hapapendi.

Nimeuonja kwa ncha ya ulimi. Haukuniambia kitu. Samadi ya miaka kumi na tano ni sawa na supu ya miaka kumi na tano. Nguvu zilishatoka, kimebaki kivuli. Nimemwaga kwenye mtaro. Dardo alitaka kunipa maiti.


Jumamosi, 14 Oktoba

Kazi imeanza.

Udongo: ule wa uwanja wangu mwenyewe, mzito, wa kufinyangia vyungu. Hautoroshi maji. Nimeuchanganya na mavi ya kuku wangu, mabichi, ya leo asubuhi. Na yerba, yale majani yetu machungu ya kunywa kama chai. Mji huu kila nyumba inakunywa yerba kutwa, kibuyu mkononi, mrija wa chuma mdomoni, na makapi wanatupa. Wapumbavu! Nimepita nyumba kumi na moja na ndoo naomba makapi yao. Wanauliza ya nini. Nawaambia ya kuku. Nyumba ya kumi na mbili ni ya Dardo, nikairuka. Makapi ya kumi na moja yanatosha, bado yana joto na unyevu, yameshaanza kuota ukungu mweupe mzuri kama sukari.

Chakula: vichwa vya samaki wa mto Yí, vitano. Majani yanayowasha, ya nyuma ya uwanja wa mpira. Mavi ya kuku tena. Ile konzi ya dukani yote. Maji ya mvua. Nimekoroga kwenye ndoo na kuifunika na sufuria.

Kufikia jioni ndoo ilikuwa inaongea peke yake.

Wilmar akatoka akauliza nini kimekufa. Nikamwambia bado hakijafa, kiko uwanjani kinapima-pima. Graciela hakucheka. Kesho Jumapili, anapika ravioli, shemeji zake wanakuja, na ndoo iwe imeondoka kabla ya chakula la sivyo ataimwaga barabarani yeye mwenyewe.

Imwagwe? Dardo akiona kilichomo ndani? Kamwe.

Nimewaza kidogo tu, jibu likaja. Chupa ya chai ya marehemu Ulises, ile ya kuweka maji ya moto ya yerba, ya kijani. Iko kabatini tangu afe. Inafanana kabisa na yangu. Mwanamke mwenye chupa ya chai kwapani katika mji huu wa Durazno nani anamshangaa? Wachungaji wanazo. Askari wanazo. Nimechuja supu yangu, nimejaza chupa, nimefunga. Naweza kutembea na siri yangu mbele ya kanisa na padri akaniombea.


Jumapili, 15 Oktoba

Miche yote sita imehamia kwenye makopo ya rangi. Nimeshindilia udongo kwa ngumi ili isimame imara. Kila mmoja nimeunywesha kizibo kimoja cha dawa. Mmoja ulitikisika. Ulikuwa unafurahi.

Shemeji mmoja aliuliza juu ya harufu. Graciela akasema mabomba. Hajawahi kunitetea vizuri namna hiyo.


Jumanne, 17 Oktoba

Miwili imekuwa ya njano kwenye ncha. Kama imechomwa na kiberiti. Na vijinzi vidogo vinaruka juu ya makopo, vingi.

Na nani anatokea mlangoni siku hiyo hiyo? Dardo, amenyoa ndevu, kofia mkononi. Eti mbwa wake yuko kwangu siku ya tano, amekuja kumchukua. Mbwa! Mbwa ni kisingizio, amekuja kuona kazi yake. Lakini mtu akifika huwezi kumwacha asimame kama mdai, nikamkalisha uwanjani, nikaleta kibuyu, mrija na chupa.

Kwa desturi anayemimina hunywa wa kwanza, kwa sababu kibuyu cha kwanza ni kichungu na mgeni hastahili uchungu. Mimi nilimpa yeye cha kwanza. Kumpima.

Kilitoka na povu zuri sana. Hakikuwa na moto mwingi, lakini povu kama la bia. Harufu sikusikia yoyote ya ajabu, uwanja wote ulikuwa unanuka tangu Jumamosi na pua yangu ilishasalimu amri. Dardo akavuta mrija. Macho yakajaa maji. Akameza. Niliona koo likifanya kazi hiyo kwa shida. Kisha akanirudishia kibuyu kwa mikono miwili na kusema, "Asante, Bi Nibia."

Asante! Kwenye kibuyu cha kwanza! Mtoto wa miaka saba hapa kwetu anajua kwamba ukisema asante umemaliza, hutaki tena, unajiondoa kwenye duara. Asante baada ya kibuyu cha tano ni adabu. Asante baada ya cha kwanza ni kuniambia usoni yerba yangu haifai. Miaka thelathini tumepakana ukuta, anakuja kunitukana kwenye kiti changu.

Akaanza kunyoosha kidole kwenye makopo, akasema kitu kuhusu udongo kukosa pumzi, na je hivyo vijinzi nimeviona. Nikamwambia mbwa wako yule pale, lango lile kule. Akaondoka anayumba kidogo. Aibu ilimwingia.

Nilikuwa na hasira mno. Hasira inataka kazi. Nikachukua ile chupa nyingine, ya dawa, nikainywesha miche yote sita, sio kizibo tena, kila mmoja mpaka ukashiba. Dawa ilitoa mvuke. Safari hii imekomaa kweli kweli, nikajisemea, nguvu zinaonekana kwa macho.


Jumatano, 18 Oktoba

Imelala. Yote. Kama mchicha uliotoka sufuriani.

Sikunywa yerba, sikuchana nywele. Nilikwenda moja kwa moja langoni kwa Dardo nikapiga kengele kwa kiganja. Akatoka amejifunga shuka tumboni, uso rangi ya jivu. Mama wa duka la mkate alikuwa anapita, nikafurahi, nilitaka shahidi.

"Umeifanya nini miche yangu?"

"Bi Nibia," akasema, ameegemea lango, "jana kwenye kile kibuyu uliweka nini?"

"Usigeuze maneno. Umekuja kwangu jana, leo imekufa."

"Nilikaa dakika mbili. Uliinywesha nini baada ya mimi kuondoka?"

"Hayakuhusu."

"Kilikuwa cha moto?"

"Kilikuwa na nguvu!"

Akafumba macho kidogo. Mama wa mkate akaaga kwa haraka. Dardo, aliyekwisha kusikia habari za zege mtaani, akauliza fundi anakuja siku gani. Nikamwambia Jumapili, na nikamwambia yote, kuhusu uwanja, vidole, Wilmar na friji lake, kwa sababu nilitaka ajue uzito wa alichokifanya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pole. Muuaji anatoa pole.

Nyumbani Graciela alikuwa ameziweka chupa zote mbili kwenye meza. Amezinusa. Anasema chupa niliyommiminia Dardo ndiyo ya samaki, na miche nimeiogesha maji ya yerba yaliyochemka. Anasema mzee wa watu ametapika mpaka alfajiri, duka la mkate lote linajua.

Haiwezekani. Mimi najua chupa zangu. Kama zimebadilishana nafasi, basi kuna aliyezibadilisha. Nilimtazama Wilmar wakati wa chakula. Alikuwa anakula kwa utulivu sana. Mtu asiye na hatia hali vile.


Ijumaa, 20 Oktoba

Sikujiua kwa mawazo. Nilikaa nikaukumbuka mkataba. Graciela hakusema ikiwa hai. Alisema ikiwa imesimama.

Nina sindano za kufumia za kila namba. Nimechukua sita, namba tatu, nimezichomeka kwenye makopo, na kila mche nimeufunga kwenye sindano yake kwa uzi wa sufu wa kijani, mafundo madogo madogo, kazi safi. Vidole viliniuma mpaka machozi. Dawa ya zamani, ya kabla miche haijaanza kufa, imebaki kidogo sana, chini ya kopo. Nimejipaka kidole kimoja kimoja, vile vya kazi tu.

Ukisimama mlango wa jikoni na usivae miwani, ni bustani.

Graciela ana miwani. Nimeificha.


Jumamosi, 21 Oktoba

Nimelala mchana kama jiwe. Nilipoamka nikaenda kukaza nyuzi.

Imesimama!

Sita. Yenyewe. Kijani kibichi, shina nene, majani saba, manane. Sindano zangu zimelazwa juu ya benchi sambamba, na nyuzi zimekunjwa. Nikagusa jani. Hai kabisa, imara kama sikio la ng'ombe.

Nilikaa chini nikafikiri kwa makini, maana sipendi kujisifu bila ushahidi. Ni hivi. Dawa ilichelewa. Yale maji ya moto, kama kweli yalikuwa ya moto, yalifungua udongo, na supu ya samaki ya Jumapili ikashuka kwenye mizizi kwa mkupuo mmoja. Mimea ikainuka yenyewe na kuzisukuma sindano nje. Na udongo umekuwa mweusi! Mweusi, mwepesi, una vile vijiwe vyeupe vya dukani. Ile konzi niliyoiiba, niliyoionja, imezaliana.

Harufu imekwisha kabisa. Miche imeila yote.


Jumapili, 22 Oktoba

Fundi alikuja saa nne na toroli lake. Wilmar amevaa viatu vya kazi. Graciela akatoka na miwani usoni, sijui ameipata wapi, akainama kwenye kila kopo. Alichukua udongo kidogo akausugua vidoleni. Akatazama ukuta wa Dardo kwa muda mrefu. Mimi nilisimama kama mwenye mali.

Akamwambia fundi samahani kwa usumbufu, akamwambia Wilmar gari litaendelea kulala barabarani. Kisha akanigeukia. "Uwanja ni wako, mama."

Wilmar alimpa fundi sigara wakavuta wote wawili wakiliangalia friji.

Nilidhani Graciela atanipongeza. Badala yake akaniuliza kama sina mtu wa kwenda kumshukuru. Nikamwambia nishakwenda misa. Akasema, mama, uangalie huo udongo. Nikamwambia nimeuangalia, ni kazi ya mikono yangu. Akasema basi panda kwenye ndoo uchungulie kwa jirani.

Nimepanda. Kwa Dardo kulikuwa na miche tisa. Leo ni mitatu! Yeye amekaa kwenye kigoda chake, bado amepauka, na chekeche magotini, na udongo wake mweusi mwingi hauna wa kuutumia. Akaniona, akainua kofia. Akauliza zangu zinaendeleaje. Zinaendelea vizuri kuliko zako, nikamwambia. Akatabasamu, akasema anafurahi kusikia.

Unaona? Sita zimekufa kwa wiki moja. Nilisema tangu mwanzo, udongo usionuka hauna chakula, na mzee mwenyewe hataki kuambiwa. Nimeshuka kwenye ndoo nimejawa na huruma, na sifichi, huruma kwa Dardo Olivera sikuwahi kuwa nayo. Kosa lake si ubaya wa moyo kumbe. Ni ujinga tu. Na jirani mjinga husaidiwa.

Graciela, acha kunitazama hivyo. Kesho asubuhi nenda mtoni kwa wavuvi, lete vichwa kumi badala ya vitano. Miche yangu ipate vikombe viwili viwili kila mmoja, maana sasa ina njaa ya kukua. Kinachobaki mpelekee Dardo, mwambie ainyweshe ile mitatu yote, asipunguze, na wewe simama pale pale mpaka ndoo iwe tupu.